Waya Uliovuka Michongoma

Nawaona sana, wajukuu zangu na nyinyi vijana wa mtaa. Intaneti ikikwama kidogo mnalizima lile sanduku lenye taa, mnaliwasha, mnalizima tena, halafu mnaanza kuitukana kampuni. Sisemi msilizime. Kuzima na kuwasha kumeponya vitu vingi, na hata sisi mafundi tulikuwa tukifanya hivyo kwanza mteja akigeuka upande. Lakini kaeni kidogo niwaambie jambo. Mimi nilikula mshahara wa nyaya za simu kati ya Thika na Ruiru miaka mingi, na intaneti ya kwanza kuingia katika nyumba za watu upande huu ilipita kwenye mikono hii mnayoiona imekakamaa.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, intaneti ya nyumbani ilipita kwenye laini ile ile ya kuongelea. Ukitaka kutuma barua pepe, kompyuta inapiga simu kama mtu. Kifaa kinachoitwa modemu kinapiga makelele, upande wa pili unajibu kwa makelele, wakishasikizana ndipo barua inaanza kupita. Wakati huo wote simu ya nyumba iko kazini. Anayepiga kutoka nje anaambulia mlio wa laini kushikwa, na aliye ndani akiinua mkono wa simu yoyote iliyounganishwa hapo, mazungumzo ya modemu yanakatika na unaanza upya. Shikeni hilo, mtalihitaji mbele.

Nilikuwa nimeandikwa kazi na mkandarasi mdogo aliyekuwa na ofisi ya mabati Thika, karibu na soko. Wanaume ni wengi, mwanamke ni mimi. Nikibisha mlango na ngazi begani, mwenye nyumba ananiangalia, anachungulia nyuma yangu, ananiuliza, "Na fundi ako wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa najibu, "Anakuja, lakini wacha nimuanzie kazi." Nikimaliza naondoka, na wengine mpaka leo nadhani wanamngoja.

Aliyenifundisha kazi ni msimamizi wetu, Bwana Kinuthia, mtu mnene asiyepanda nguzo lakini aliyejua kila nguzo. Alikuwa na tabia ya kula mahindi choma akikuelekeza kutoka chini, na ukikosea anakurushia kibunzi. Modemu zilipoanza kuonekana kwenye nyumba za watu, sisi wengine tulizicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Nyambura, sikio linasamehe. Hii kitu haisamehi."

Maana yake ni rahisi. Mtu akikuambia "njoo kesho" na katikati kuna mkwaruzo, sikio lako linajijazia lililopotea. Modemu haijijazii. Ikipoteza kidogo inaomba irudiwe, ikirudiwa inapoteza tena, inaomba tena. Hayo maombi ndiyo mnayoyaita intaneti kuwa pole pole. Sisi mafundi desturi yetu ilikuwa kumaliza kazi, kupiga simu na kuuliza, "Haloo, unanisikia?" Mteja akisema "nakusikia," tunafunga mkoba. Desturi nzuri kwa watu wa kuongea. Kwa modemu haikutosha hata kidogo.

Kulikuwa na daktari mmoja Thika ambaye barua zake zilikuwa zikikatika kila jioni saa ile ile. Alibadilisha modemu, akabadilisha kompyuta, akataka tubadilishe na nguzo. Nikakaa sebuleni kwake jioni moja na sikio langu kwenye laini. Barua ikaanza kupita, halafu ghafla nikasikia, "Sasa mpenzi?" Dada wa kazi alikuwa na simu nyingine jikoni. Sikumtaja kwa daktari. Nilimwambia daktari kuna hitilafu ya jioni, nikamwambia dada naye achague saa nyingine. Ikapona siku hiyo hiyo, na wakaoana, dada na huyo mpenzi. Nilikula wali wa harusi yao.

Lakini niliyotaka kuwaambia ni ya Bi Zuhura wa Ruiru.

Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Kina mama wa Mugutha walikuwa wakisuka, yeye anakusanya, anachagua, na kuuza kwa mnunuzi mmoja Ujerumani. Zamani mume wake ndiye aliyekuwa akipeleka picha za mitindo mipya Nairobi na kuzituma. Mume akafariki, na Bi Zuhura akakaa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, na wanaume wasio jamaa hawaingii kwake. Biashara ikabaki ina miguu mifupi. Ndipo mwanawe Idi, aliyekuwa akisoma Juja, akamletea kompyuta iliyotumika, modemu, na mashine ya kuingiza picha, akamfundisha kutuma mwenyewe, kisha akaenda Kisumu kufanya mafunzo ya kazi.

Mama akajua. Alikuwa akituma picha kutoka sebuleni, na buibui yake, na kikombe cha chai ya tangawizi. Mambo yakaenda vizuri hadi mvua ilipoangusha tawi la mkaratusi juu ya waya, laini ikafa.

Vijana wetu wakaenda Jumatatu, wakavuta waya mpya, wakaunganisha. Kwa kuwa walijua kuna mjane aliye eda, hawakukanyaga ndani. Walisimama nje ya dirisha na simu yao ya kupimia, wakauliza, "Mama, unatusikia?" Akainua simu yake, akajibu, "Nawasikia vizuri, Mungu awabariki." Wakafunga mkoba. Toka siku hiyo picha iliyokuwa ikipita huku chai ikipoa ikawa inatambaa nusu siku, na kabla haijafika inakatika.

Alipiga simu ofisini Jumamosi asubuhi. Bwana Kinuthia akaniangalia mimi, kwa sababu ni nani mwingine angeingia nyumba hiyo? Nikapanda gari la Ruiru na mkoba wangu.

Nilimkuta Bi Zuhura amekaa mbele ya kompyuta, macho mekundu. Hakuniuliza fundi ako wapi. Aliniambia tu, "Mwanangu, huyu mnunuzi kesho anasafiri na picha zangu kwenda kwa maonyesho yao. Picha ni tano. Tangu alfajiri hata moja haijafika. Asipoenda nazo, mwaka huu hakuna oda. Na wale mama wa Mugutha nishawaambia wasuke."

"Walishaanza?"

"Walishamaliza."

Sasa sikilizeni namna ya kutafuta ugonjwa, maana hii haijabadilika hata kidogo, hata mkiwa na hizo nyaya zenu za kioo. Usianze na nguzo. Chomoa kila kitu ndani ya nyumba, simu, kengele ya jikoni, kila kitu. Chukua modemu yenyewe uibebe mpaka pale waya unapoingia ukutani, uichomeke hapo peke yake. Ikienda mbio, shida iko ndani ya nyumba, na unarudisha kitu kimoja kimoja mpaka umshike mwizi. Isipoenda, shida iko nje na unaweza kuacha kusumbua fanicha za watu. Tulisogeza meza, tukasogeza kabati la vyombo, Bi Zuhura akishika upande mmoja. Modemu ikalia, ikaunganika, ikatambaa vile vile.

Nikatoka na ngazi. Chini ya paa, pale waya wa nguzo unapokutana na waya wa nyumba, niliona kiungo kilichofungwa na vijana wetu. Kazi safi. Waya umesuguliwa ukang'aa, umesokotwa barabara, umefunikwa, na wamepinda waya kwenda chini kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondoke yasiingie ndani. Fanyeni hivyo kila mara, hata kwa hizo za siku hizi. Nilikaribia kushuka. Ndipo nikaona kwamba kwenye kile kiungo hakukuwa na nyaya mbili zinazokutana. Zilikuwa tatu.

Wa tatu ulitembea chini ya paa, ukazunguka kona, ukaruka juu ya ua wa michongoma na kuingia kwa jirani.

Waya wenye tawi namna hiyo haumsumbui mtu anayeongea. Lakini mlio wa modemu ukifika kwenye njia panda, nusu unaingia kwenye tawi, unafika mwisho, unarudi, na unagongana na unaokuja nyuma. Hapo ndipo kutambaa kulipotoka. Nikatoa koleo. Ningekata mara moja na kwenda kula mchana.

Bi Zuhura aliniona kupitia dirisha. "Fundi, usikate! Hiyo ni ya Cucu."

Nikashuka. Akanieleza. Jirani yake wa nyuma ni Cucu Wangeci, mama mzee wa Kikuyu anayeishi peke yake; cucu kwao ni bibi. Mwanawe Mwangi alikuwa akifanya kazi Eldoret. Marehemu ndiye aliyemvutia Cucu ule waya na kumpa simu yake ya zamani, bila kumwambia mtu wa ofisi, na wakawekeana utaratibu. Mwangi anapiga kutoka kibanda cha simu Jumamosi, baada ya adhana ya alasiri. Simu inalia mara mbili, anakata. Anapiga tena. Hiyo ya pili ni ya Cucu, na kwa Bi Zuhura hakuna mtu anayeigusa.

"Na mpaka leo hatugusi," akasema kwa fahari. "Amana ni amana. Hata kama huyo mzee hashiki."

"Hashiki vipi?"

Akapunguza sauti. "Mwangi anapiga kila Jumamosi. Inalia mara mbili, inakata, inalia tena mpaka inachoka. Cucu hashiki. Nafikiri waligombana, labda mambo ya shamba. Mimi niko eda, nitaanzia wapi kuuliza ya watu?"

Nikazunguka kwa Cucu Wangeci kwa sababu nilitaka kuiona hiyo simu. Ilikuwa juu ya kimeza chake, imefunikwa kitambaa cha kufuma cheupe kisicho na doa. Cucu mwenyewe alikuwa anachambua maharagwe.

"Cucu, habari ya hapa?"

"Mzuri, mwari. Wewe ndio kale kasichana ka kupanda nguzo? Usijisumbue, hii simu ilikufa. Ilikufa na Baba Idi."

"Ilikufa lini hasa?"

"Siku ya mazishi. Waliweka hema pale kwao, kamba ikavuta waya, ikakatika. Niliona na macho yangu." Akaendelea kuchambua. "Sasa ningesema nini? Mama wa watu amefiwa, niende kumsumbua na waya? Hiyo simu ni ya bwana yake, alinipea na roho safi. Nikanyamaza."

"Na Mwangi?"

Hapo mikono yake ikasimama. "Mwangi amenisahau. Si angeandika hata barua? Lakini yeye si mtu wa kuandika." Akafuta jicho kwa ukingo wa leso, kisha akanielekeza kidole kwenye simu. "Lakini juzi hii kitu imeingiliwa. Tangu Jumatatu, kila nikiinua nisikie kama imefufuka, kuna paka ndani inalia."

"Unainua mara ngapi kwa siku?"

"Kila nikipita."

Vijana wangu, nilikaa kwenye kiti cha yule mama mzee na nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Yote yalikuwa yamejipanga mbele yangu. Hema la msiba lilikata tawi la waya. Tawi likiwa limekatika, intaneti ya Bi Zuhura ilikimbia vizuri, naye hakuwahi kuitumia kabla ya hapo wala hakujua kwamba tawi limekatika. Simu ya Mwangi ilikuwa ikilia kila Jumamosi nyumbani kwa mwenye adabu asiyeigusa, na kwa asiye na adabu ingeshikwa siku ya kwanza na mambo yangejulikana. Mmoja hakuuliza kwa heshima ya ugomvi usiokuwepo, mwingine hakusema kwa heshima ya msiba. Halafu vijana wetu wakaja, wakaona waya unaning'inia, na kwa roho nzuri wakauunganisha tena. Na Cucu, akipita na sufuria, anainua kumsikiliza paka, na picha ya Bi Zuhura inakatika njiani.

Nilimwambia Cucu aache maharagwe, tukaenda mpaka kwenye michongoma. Bi Zuhura alikuwa upande wake, kitambaa cheupe kichwani.

"Mama Idi," Cucu akaanza, "huyu msichana anasema eti Mwangi..."

"Anapiga, Cucu. Kila Jumamosi. Mimi nilidhani umemkasirikia."

"Haiya!" Cucu akashika kifua. "Mimi nilidhani yeye ndio amekasirika!"

"Subhanallah. Na mimi nasikia inalia, nasikia inalia, nakaa tu hapa nikiwaombea mpatane."

Mkono wa Cucu ulipenya katikati ya miiba, na sijui uliponaje, ukamshika Bi Zuhura mkono. Walilia kidogo. Mimi niliangalia nguzo.

Lakini kulia hakutumi picha. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita, na mbele yetu kulikuwa na jambo lenye pande mbili. Nikikata waya, picha zitaenda na Cucu atabaki kimya tena. Nikiuacha, Cucu ataongea na mwanawe na vyondo vya Mugutha vitabaki Mugutha. Na hata nikiukata kwa muda, modemu ikiwa inatuma wakati Mwangi anapiga, atakuta laini imeshikwa. Kijana aliyepiga miezi yote hiyo bila kujibiwa, akikuta leo laini imeshikwa, atarudi Jumamosi ijayo kweli? Mimi sikuwa na hakika. Nilimwona Cucu usoni, naye hakuwa na hakika.

Kwenye mkoba nilikuwa na swichi niliyoitoa kwenye mashine mbovu, ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja. Kumbukeni hilo, zote mbili. Ukikata mmoja tu, ule mwingine unabaki ukining'inia kwenye laini na bado unakuletea uchawi. Nililivuta tawi kupitia dirishani, nikaifunga swichi ukutani sebuleni kwa Bi Zuhura, tawi sasa likaanzia hapo. Chini, tawi limekatika na modemu iko peke yake. Juu, Cucu yuko kwenye laini. Nikaishusha.

"Washa sasa, mama."

Modemu ikalia. Picha ya kwanza ikaanza kuondoka, na kwenye kioo cha kompyuta kile kimstari cha kupima kikaanza kutembea, si kutambaa, kutembea. Bi Zuhura alinishika bega kwa nguvu mpaka leo nalisikia. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Tulikula ugali na sukuma tukiwa tumesimama, hakuna aliyetaka kukaa. Ya tatu ikaenda. Ya nne ilisita kidogo, nikamwambia Bi Zuhura asiiguse, akaficha mikono ndani ya buibui. Ikaenda.

Ya tano ilikuwa imevuka nusu tuliposikia adhana ya alasiri kutoka msikitini.

Mimi nilimtazama Bi Zuhura. Ile picha ilikuwa ya kiondo kikubwa chenye mistari ya rangi ya chai, kile alichokuwa akikitegemea kuliko vyote. Ikikatwa, inaanza upya kutoka sifuri. Na Mwangi anaweza kupiga sasa, au baada ya dakika kidogo, au akawa amechoka asipige kabisa. Nikafungua mdomo nimwambie tungoje kidogo tu, inaisha.

Alikuwa ameshachomoa waya wa modemu na kuchomeka simu. Akaipandisha swichi mwenyewe.

"Kiondo kitangoja," akasema. "Kijana amengoja vya kutosha."

Tukasimama pale sebuleni, wanawake wawili na simu. Upande wa pili wa michongoma nilijua Cucu amekaa kando ya kimeza chake, kitambaa cheupe mapajani. Muda ukapita mpaka nikaanza kujuta kwa niaba ya kila mtu. Kisha simu ikalia. Ikalia tena. Ikanyamaza.

Bi Zuhura alirudisha mikono yake nyuma, akaifumbata.

Ikalia tena. Mara moja. Mara ya pili ilianza na ikakatika katikati.

"Ameshika," Bi Zuhura akanong'ona, kana kwamba angesikika Eldoret.

Aliyesikika Eldoret ni Cucu. Mzee yule hakuamini waya. Aliongea kwa sauti ya kumwita mtu kutoka shambani. "Mwangi! Nĩ wee? Ni wewe kweli?" Halafu kicheko, halafu kilio, halafu akaanza kumgombeza kwa kutokula vizuri, na hapo nikajua mambo yamekaa sawa. Bi Zuhura alikuwa anajifuta machozi na kucheka. Alisema, "Baba Idi angesikia hii."

Sisi tulikaa tukiitazama picha ya tano iliyokwama nusu kwenye kioo. Hatukuhesabu wakati. Nilikuwa na haraka ya gari la Thika na sikuihisi kabisa. Nimefanya kazi nyingi zilizolipwa vizuri kuliko hiyo, lakini sikumbuki nyingine ambayo nilikaa nikiwa nimeshiba hivyo bila kitu mkononi.

Mwishowe sauti ya Cucu ikatulia. Tukasikia mlango wake, kisha ndara zake kwenye majani, kisha zikasimama nyuma ya michongoma.

"Mama Idi!" akaita.

"Naam, Cucu!"

"Sarafu zake zimeisha. Atapiga Jumamosi." Akavuta pumzi, na sauti ilipotoka ilikuwa na furaha ya msichana. "Sasa washa hiyo paka yako!"